Pumzi Moja Kabla ya Moto

6 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba baridi ya huko imeanza kukuachia mifupa. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika. Mdogo wangu amehamia karibu na shule anayofundisha, kwa hiyo chumba chake kimejaa vyombo vya Mama ambavyo hakuna anayeruhusiwa kuvitupa. Baba anakusalimu. Anasema ukiona kimya chake usidhani amekufa, ni kalamu tu haimpendi.

Najua simu huziwezi, kwamba kelele za nyundo za kwenye meli zilikuachia sikio moja tu la kazi, na hilo nalo lina uvivu. Kwa hiyo nakuandikia, na nitaandika kirefu maana nina habari.

Kiwanda kimenunua roboti ya kuchomelea. Ni mkono mmoja wa chuma, mrefu kuliko mtu, umefungwa sakafuni pale ilipokuwa mashine ya kukunja mabati. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuifundisha. Waliotuuzia walisema inajua kila kitu. Inachojua ni kufuata mstari iliochorewa. Na matangi ya gesi tunayotengeneza unayajua: bati likipata moto linajivuta, nafasi kati ya bati na bati inapanuka hapa na kubana pale. Roboti haina habari. Inapita palepale ilipoambiwa, na nyuma yake inaacha mshono wa chuma wenye matundu.

Kwa hiyo tunaipa macho na masikio. Kamera yenye kioo cheusi inatazama kile kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kipaza sauti kinasikiliza moto, na kifaa kingine kinapima umeme. Shida ni kwamba tunachokiona ni uso wa kidimbwi tu. Kina chake hakionekani. Ndiyo maana ninatengeneza modeli, yaani hesabu inayokisia kilicho chini kwa kutazama kilicho juu. Hesabu hiyo ndiyo itakayoiambia roboti: ongeza mwendo, punguza umeme, sogea kushoto.

Na mwalimu wake ni Baba. Nimemvisha glavu yenye vihisi, vidude vidogo vinavyorekodi kila namna mkono unavyosogea. Mafundi wenzake sasa wanamwita Bwana Harusi. Anawajibu, "Chekeni tu. Nyinyi hata mkivishwa glavu za dhahabu, mishono yenu itabaki kama nyoka aliyekanyagwa."

Nimeona kwake mambo ambayo sikuwahi kuyaona. Anaegemeza kiwiko kwenye tangi. Na kabla ya kuwasha moto anasubiri, kama pumzi moja hivi, kisha ndipo anaanza. Nimeiwekea roboti kusubiri kulekule. Nadhani hapo ndipo uzuri wa mishono yake ulipo.

Utakuja lini uione? Chumba kipo, ukiweza kuvumilia vyombo vya Mama.

Mwanao,
Cheche


3 Machi

Mwanangu Cheche,

Marahaba, marahaba sana. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri wangu. Bado nakaa ghorofani juu ya fundi wa matairi. Kila asubuhi akiwasha kompresa yake ya upepo, kitanda changu kinanong'ona na sakafu, na ndipo najua kumekucha. Dirisha langu linatazama ukuta. Nimeuzoea; kuna ufa unaoongezeka kidogo kila mwaka, nao ndio mandhari yangu. Nasoma sana. Mwenye duka la vitabu vikuukuu ananiwekea vya historia, akidhani wazee hatupendi kingine.

Mpe shemeji yangu, mama yako, pole ya goti. Mwambie vyombo asitupe, mimi namuunga mkono.

Nimeisoma barua yako kwa furaha. Enzi zetu tulikuwa na macho yetu, kioo cheusi na bahati. Mliyofikiria ni mazuri, na usimsikilize atakayekuambia kwamba mashine haiwezi. Nimechomelea meli miaka mingi kiasi cha kujua kwamba hata mtu mara nyingi hawezi.

Unajua ni mimi niliyempa baba yako jina la Mstari? Sikumpa kwa mapenzi, nilimpa kwa wivu. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na haukupita muda watu wakawa wanamtafuta yeye. Alikuwa akipanda juu ya jukwaa, anasimama wima kama mtu anayemwagilia maua, huku anasimulia kichekesho, na mshono unatoka umenyooka hadi unaudhi. Hakuwahi kuegemea kitu.

Ameanza kuegemea lini?

Mambo ya mimi kuja huko tuyaache kwanza.

Baba yako mkubwa


30 Machi

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tunashukuru Mungu, hatujambo wote. Mama amenunua stuli ya kukatia vitunguu akiwa amekaa, na anaionyesha kwa wageni kama gari jipya. Mdogo wangu amepewa darasa la watoto wadogo, anasema sauti imemkauka.

Habari kubwa ni kwamba imefanya kazi!

Kwanza ilitutesa. Moto una tabia ya kuchelewa: unapunguza umeme sasa, chuma kinaitikia baadaye. Roboti ilikuwa inasahihisha kosa ambalo limeshapita, na kwa kulisahihisha inazaa jingine. Ilikuwa ikiyumba kushoto na kulia kama mlevi anayetafuta mlango. Ilibidi niifundishe isiamini sana inachokiona, isubiri kidogo, isahihishe nusu.

Pili, kumbukumbu za glavu zilikuwa chafu. Kulikuwa na mtetemo mdogo ndani yake, mdogo mno kwa macho, lakini kwenye kompyuta unauona wazi, wa mwendo mmoja, kama kitu kinachogonga mlango bila kuchoka. Nikasema ni umeme wa mashine unaingilia waya. Nikabadilisha waya. Kisha nikaandika programu ya kuuchuja, na ulipotoka, mkono uliobaki ulikuwa safi ajabu. Huo ndio nilioipa roboti.

Meneja alileta wageni. Roboti ikachomelea tangi zima mbele yao, tukalipiga picha za eksirei, hakuna tundu hata moja. Walipiga makofi. Baba alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono mfukoni.

Kuhusu kuegemea sijui. Labda ni umri.

Mwanao,
Cheche


22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Nimemsomea fundi wa matairi sehemu ya mlevi na mlango, nikimtafsiria, akacheka mpaka akaangusha spana. Ananiuliza kama roboti yako inaweza kuziba pancha.

Msalimie mama yako na stuli yake. Mwambie mwalimu wetu asipige kelele. Watoto humnyamazia anayenong'ona.

Swali moja dogo. Ulipobadilisha waya, mtetemo uliisha? Hukuandika.

Baba yako mkubwa


11 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, halafu Mama alikuwa na homa, sasa amepona. Mdogo wangu anachumbiwa. Mchumba ni mtu wa benki, mpole mpaka Baba anamwonea huruma. "Huyu akikaa na binti yangu mwezi mmoja," anasema, "atakuja kuomba hifadhi kwangu."

Haukuisha.

Barua yako ilipofika niliikunja nikaiweka. Kisha siku moja, mafundi walipokwenda kula, nilivaa glavu mwenyewe nikachomelea kipande cha bati. Mshono ulikuwa wa aibu, lakini kumbukumbu zilikuwa safi. Nikamwomba fundi mwingine avae. Safi. Nikarudia za Baba, zile za kabla hajawasha moto, mkono umekaa tu juu ya goti. Upo. Hakuna umeme wowote unaopita hapo, Baba Mkubwa. Upo tu.

Tangu hapo naona kila kitu, nashangaa nilikuwa naangalia wapi. Hafungi kifungo cha juu cha shati. Chai anamiminiwa nusu kikombe, na Mama anammiminia nusu bila kuambiwa. Kumbe Mama anajua. Tulikaa mezani watatu, kila mmoja anajua, tukazungumzia mchumba wa benki.

Nilimwambia Baba twende hospitali. Akasema, "Chuma kimelalamika?" Nikasema hakijalalamika. "Basi wewe unalalamikia nini?"

Kazi ya nje ya tangi sasa inafanywa na roboti, lakini mshono wa ndani haufikii. Mtu lazima aingie kwa ule mlango mdogo, alale ubavu, achomelee akiwa amebanwa na moto uko karibu na uso. Anaingia Baba. Hataki mwingine. Kila akiingia mimi nasimama nje nikisikiliza sauti ya moto, na nimeisikiliza sana sauti hiyo kwenye mashine zangu, najua inavyokuwa kabla haijaharibika.

Mimi hanisikii, mimi ni binti yake, mtoto. Mama hathubutu. Wewe ni kaka yake, na ndiye uliyemfundisha. Tafadhali mwandikie aache. Ukisema wewe, ataacha.

Mwanao,
Cheche


4 Julai

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Nafurahi mama yako amepona. Habari za uchumba zimenipa uchangamfu. Mtu wa benki si vibaya, kuna ubaridi katika nyumba hizo lakini paa halivuji. Huku joto limekuja kwa fujo. Fundi wa matairi analala mchana chini ya gari, miguu nje, na wateja wanamgonga nyayo kumwamsha. Ufa wa ukutani wameupaka saruji. Sijui sasa nitatazama nini.

Nilikuwa nakumbuka siku baba yako alipojifunza kuchomelea juu ya kichwa, cheche zinakuangukia usoni na chuma kinataka kudondoka. Wanafunzi wote hukimbia mara ya kwanza. Yeye alibaki. Cheche moja ikamwingia kwenye kola, akaanza kuimba kwa sauti ili asiache mshono katikati, akaimba mpaka mwisho, kisha ndipo akaruka ruka kama mbuzi. Kovu analo bado, nadhani, chini ya shingo. Mama yetu aliniadhibu mimi.

Nimepata kitabu kuhusu wajenzi wa madaraja. Nikimaliza nitakueleza.

Msalimie sana mdogo wangu, baba yako.

Baba yako mkubwa


28 Julai

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hatujambo.

Barua yako imefika. Nimeisoma mara tatu, na upande wa nyuma wa karatasi nimeuangalia pia. Sikuona jibu.

Kovu lipo.

Mwanao,
Cheche


1 Septemba

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na mdogo wangu pia. Harusi itakuwa mwakani. Kama ulikuwa hujaandika ile barua niliyokuomba, usiiandike tena.

Ilikuwa siku ya kawaida. Baba aliingia ndani ya tangi kubwa, mimi nimesimama mlangoni. Moto ukawaka, ukaimba vizuri, halafu sauti ikapanda. Nikajua. Moto ukazimwa. Nikaanza kuingiza kichwa, akasema kwa ndani, "Nipishe nitoke, unaniziba njia." Akatoka. Mwilini hana jeraha. Lakini alikuwa ametoboa bati. Wenzake walichungulia mmoja baada ya mwingine kulitazama lile tundu, na hakuna aliyemtania hata neno moja. Nafikiri hilo ndilo lililomuumiza.

Akakaa juu ya ndoo. Baadaye akanyanyuka, akaja hadi kwenye roboti, akasema, "Washa nimwone mwanafunzi wangu."

Unaamini hakuwahi kuitazama kwa karibu? Siku ile ya wageni alikuwa nyuma. Nikaweka bati mbili, nikampa kofia ya kioo. Roboti ikashuka, ikasubiri pumzi yake moja, ikaanza. Alisogea mpaka nikataka kumvuta. Mshono ukaisha. Akainua kofia.

"Huu ni mkono wangu wa zamani," akasema. "Umeutoa wapi?"

"Kwenye glavu."

"Kwenye glavu haukuwa huu."

Nikamwambia nilichuja. Akaniuliza nilichuja nini, nikaanza kulia palepale mbele ya mashine kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Wewe nawe," akasema. "Ulidhani sijui? Nilijua kabla ya glavu yako. Ulipokuja nayo nikasema haya, nivishe, ichukue kilichopo kabla hakijaisha. Nilitaka tu usiambiwe na kompyuta."

Akatazama roboti tena. Nikaiwasha, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Ikashuka, ikasubiri.

"Mbona inasimama hapo?"

"Nilijifunza kwako. Unasubiri kabla ya kuwasha. Nilidhani ndiyo ustadi wenyewe."

Alicheka, Baba Mkubwa. Alicheka kweli, mpaka mafundi wakageuka, wakafurahi kwamba amecheka. Kisha akasema taratibu, mimi tu nikasikia:

"Mimi nilikuwa nasubiri mkono utulie. Hii inasubiri nini?"

Nikaizima roboti.

"Iondoe hiyo pumzi," akasema. "Inapoteza muda wa watu."

Akavua aproni, akaitundika, akaenda kuaga ofisini. Meneja alitaka kumfanyia sherehe, akakataa, akasema kama kuna soda ziletwe tu. Hospitali tulikwenda wiki hiyohiyo. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Dawa zitaupunguzia kasi. Kurudisha hazirudishi.

Kule kusubiri nimekuondoa kwenye roboti. Nilifikiri labda mishono itaharibika, hata nilitamani iharibike. Haikubadilika.

Mwanao,
Cheche


24 Septemba

Mwanangu Cheche,

Marahaba. Mpe mama yako pole yangu, na umwambie kwamba siku zote hizi za nusu kikombe nimezielewa. Mwalimu wetu mpe hongera. Mimi nimeamka mzima.

Barua yako na yangu zimepishana njiani. Ile yangu ikifika, ndani yake utakuta bahasha ndogo yenye jina la baba yako. Humo nimemwamuru aache kazi, kwa haki ya mkubwa juu ya mdogo. Imekuja kusahihisha kilichokwisha pita, kama roboti yako siku za ulevi wake. Usimpe.

Una haki ya kunikasirikia. Nilijua tangu ulipoandika kwamba anaegemea. Kila nilipokaa kuandika, nilijikuta naandika habari za ukuta. Nyinyi mmemwona akizeeka kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, mkapewa nafasi ya kuzoea. Mimi sikupewa. Tangu nilipoondoka, kwangu mimi yuko juu ya jukwaa, amesimama wima, hajashika kitu. Ulikuwa unaniomba nimshushe, na sikuwa na mwingine wa kubaki naye huku.

Na sitakuja. Nimekuambia tuyaache, tuyaache, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili usisikike. Karatasi nilizo nazo zinaniruhusu kutoka huku, haziniruhusu kurudi, na huko nyumbani jina langu bado lipo kwenye midomo ya watu wasionitakia mema. Walioniahidi kwamba mambo yatatulia wamekufa wote, na mambo hayajatulia. Sitakuja, Cheche. Mpe chumba mtu wa benki.

Sasa mwite baba yako, akae kwenye kiti chenye mikono. Karatasi ishike wewe. Yanayofuata ni yake.

Mdogo wangu Mstari,

Pole sikupi, maana najua utakachonijibu na binti yako Cheche yupo hapo anasikia. Nasikia umetoka kwenye tangi kwa miguu yako mwenyewe na ukaagiza soda. Umefanya vizuri.

Nina ombi. Miaka yote umenisalimia kwa kupitia watu, nami nimekubali. Sasa niandikie mwenyewe. Najua kalamu haikupendi, na kuanzia sasa itakuchukia kabisa. Niandikie hivyohivyo. Herufi zikilala, zilale. Mstari ukipanda juu ya mwenzake, upande. Ikichukua wiki nzima kujaza nusu ukurasa, nitasubiri, na huko kusubiri kwangu hakuna atakayekuja kukuondoa. Cheche asikunyooshee hata nukta moja.

Nataka kuuona mkono wako ulivyo sasa. Wewe mwenyewe sitakuona.

Kaka yako